Binti Aliyekimbia Akiwa Amekaa

Asubuhi ya harusi ya mteja wake mkubwa kuliko wote mwaka ule, Fundi alipigiwa simu na bibi harusi mwenyewe. Hakusikia salamu. Alisikia kilio, kisha mtu mwingine akachukua simu na kusema kwa sauti ya kujikaza, "Dada, gauni lina mkono mmoja."

Fundi aligeuka kutazama meza yake ya kukatia. Mkono wa pili ulikuwa pale, chini ya daftari la vipimo, umejaa shanga mpaka kwenye kifundo, mzuri kupita hata ule uliokwenda. Siku mbili kabla ya harusi alikuwa ameufumua ili aongeze safu moja tu ya shanga. Ile safu ikamnogea. Akaongeza ya pili, ya tatu, akakaa nayo muda wa saa nne bila kunywa hata maji, na alipoinua kichwa dada wa bibi harusi alikuwa mlangoni amekuja kuchukua mzigo. Fundi akalikunja gauni vizuri, akalifunga kwenye karatasi, akamkabidhi kwa mikono miwili na kuwatakia kila la heri.

Alikwenda mbio na sindano mdomoni. Aliushona ule mkono mwilini mwa bibi harusi, yeye amepiga magoti, mwenzake amesimama kama mlingoti, na mama mtu yuko mlangoni anahema. Dakika hamsini. Bibi harusi akatoka na mikono yake miwili, na waalikwa kutwa nzima wakazisifia shanga. Lakini familia ile haikumpa tena Fundi hata kifungo cha kushona. Mama wa bibi harusi alimwambia wakati wa kuagana, tena bila ukali, "Mikono yako dhahabu, mwanangu. Hicho kichwa ndicho sijui huwa unakiacha wapi."

Fundi akacheka pamoja nao. Alikuwa amezoea kucheka. Alipofika nyumbani aliingia bafuni, akafungulia bomba mpaka mwisho, akalia.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa wakati huo. Chumba chake cha kazi kilikuwa kile cha mbele, kinachotazama barabarani: cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, pasi, meza ndefu, na sanamu la kuvalisha nguo lisilo na kichwa, ambalo wateja walipenda kusema kwamba ni picha ya mwenye duka. Mikasi yake mitatu ilikuwa imefungwa kamba kwenye mguu wa meza ili isipotee, na bado mmoja ulipotea na kamba yake. Mtaani walimwita Fundi Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake ukiuliza nguo yako. Hakuwa akidanganya. Kila alipolisema neno hilo aliliamini kwa moyo wote.

Mume wake alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mwenye kuongea mara mbili kwa siku. Nyumba ilikuwa na mafundi wawili na komeo la mlango lililolegea miaka sita.

Baba yake ndiye alikuwa mtihani. Yule mzee alifundisha hesabu miaka thelathini na minne katika shule moja, na Fundi, mtoto wake wa mwisho, alipita mikononi mwake darasa la tano. Shuleni alitakiwa amwite Mwalimu, si Baba, naye alitii. Hakuwa mtoto wa fujo. Hakupiga mtu, hakupiga kelele. Alikaa karibu na dirisha, mikono juu ya dawati, macho wazi, na hakuwepo.

"Uko wapi wewe?" Mwalimu aliuliza sijui mara ngapi kwa siku.

"Nipo, Mwalimu."

"Nimesema nini sasa hivi?"

Hapo ndipo darasa zima lilipocheka.

Alisahau madaftari, alisahau sweta, alitumwa chumvi akarudi na kiberiti, au akarudi mikono mitupu akiwa na furaha tele ya kitu alichokiona njiani. Baba yake alijaribu kila alichokijua. Alimkalisha mbele. Alimwandikisha sentensi mara mia. Alimnyima kucheza. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulipofika, mtoto alijibu maswali yote ya ukurasa wa kwanza, akayahakiki, akaweka kalamu chini, na muda uliobaki akautumia kuhesabu marinda ya sketi ya msimamizi. Hakugeuza karatasi. Upande wa nyuma ulikuwa na maswali ishirini na tano.

Matokeo yalipotoka, mzee hakumgusa. Alisema tu, "Umeamua kunitia aibu," akaingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo waliishi kwa adabu. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, hawajambo. Shangazi yake ndiye aliyemchukua na kumkalisha kwenye cherehani, na ndani ya wiki mbili mtoto yule yule asiyeweza kukumbuka chumvi alikuwa anakata gauni kwa kulitazama tu.

Fundi mwenyewe akajifungua binti mmoja, na binti huyo hakufanana naye hata kidogo. Ndivyo kila mtu alivyosema. Huyu mtaa ulimpa jina la Kishindo, kwa sababu unamsikia kabla hujamwona. Alipanda kabati akiwa na miaka miwili na kabati likamfuata chini. Alijibu swali kabla hujalimaliza. Alikula akiwa amesimama, akazungusha mguu, akaimba, akamwuliza baba yake kwa nini jokofu linanguruma, na kabla baba hajafungua mdomo alishakuwa uani. Akiwa na miaka tisa, shule ikamwita mama yake.

Mwalimu wa darasa alikuwa mama mfupi mwenye miwani mizito. Fundi alikaa mbele yake akiwa tayari kuomba msamaha, kazi aliyoijua vizuri.

"Sikukuita nikulaumu," yule mwalimu alisema, akatoa karatasi. "Wiki mbili nimeandika ninachokiona, basi. Kipindi kimoja amenyanyuka mara kumi na moja. Anawakatiza wenzake, halafu anaumia wakimkasirikia. Kazi anaianza vizuri, haimalizi. Na akili anayo, tena nyingi. Je, nyumbani yukoje?"

"Hivyo hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tumboni," alisema Fundi, na wote wawili wakacheka.

Mwalimu akamshauri ampeleke kliniki ya watoto. Alimwandikia barua, na kwa kuwa alishamsoma mzazi pia, akampigia simu mume wa Fundi kumkumbusha tarehe.

Safari ya kwanza walimpima Kishindo masikio na macho, wakauliza usingizi wake ukoje, kama kuna jambo lolote linalomtisha nyumbani au shuleni, wakatoa fomu mbili, moja ya wazazi na moja ya mwalimu. Safari ya pili ilikuwa ya kupewa majibu. Babu, yule baba yake Fundi, alisema atakwenda nao. Hakusema kwa nini, lakini Fundi alijua: mzee alitaka kuwaeleza wataalamu kwamba mtoto huyu anahitaji mkono imara, na kwamba mama yake hana.

Mtaalamu alikuwa dada mwenye nywele fupi na sauti ya chini. Chumba kilikuwa na viti vidogo, sanduku la vitu vya kuchezea na saa ya ukutani iliyochelewa. Kishindo alilimwaga sanduku, akafungua droo mbili, kisha akatulia sakafuni kujenga mnara. Babu aliketi wima, fimbo yake katikati ya magoti.

"Mtoto wenu ana tatizo la umakini na kutotulia," mtaalamu alisema. "Si ujinga, na si malezi mabaya. Ubongo wake unapata shida kushika breki. Tumefikia hapo kwa sababu dalili zipo nyumbani na zipo shuleni, zimedumu kwa muda mrefu, zilianza mapema, na zinamkwaza katika maisha yake. Mtoto mtundu wa kawaida hutulia pakihitajika. Huyu anataka kutulia, hawezi."

Babu akakohoa. "Binti, na sisi tumefundisha. Watoto wa namna hii tuliwaona. Ukiwashika vizuri, wananyooka."

"Wengine walijifunza kuogopa, Babu," mtaalamu alisema kwa upole. "Kuogopa si kutulia. Lakini nikuulize, kwa kuwa umefundisha miaka mingi. Hawa wa kishindo uliwaona, kila mtu huwaona. Je, wale wengine?"

"Wepi?"

"Tatizo hili halina sura moja. Kuna mtoto ambaye miguu ndiyo inakimbia, huyo hukai naye dakika tano hujamjua. Kuna ambaye kinachokimbia ni kichwa. Amekaa kimya, anakutazama, na hasikii. Anapoteza vitu. Anasahau alichotumwa. Anakosea mambo madogo anayoyajua kabisa, anaruka swali, anaacha ukurasa. Lakini mpe kitu anachokipenda, atazama humo mpaka asahau kula. Na wapo wenye yote mawili. Wale wa kimya hawasumbui mtu, kwa hiyo hakuna anayewaleta hapa. Wasichana hasa. Wanaitwa wavivu, wazembe, wanakua hivyo, wanaamini hivyo."

Fundi alikuwa anasikia nusu. Jicho lake lilikuwa kwenye pindo la pazia, ambalo mtu alilishona kwa uzi usiolingana na rangi. Hakuona kwamba mtaalamu amemaliza kusema. Alipogeuka, alimkuta baba yake anamtazama.

"Huyo wa pili," Babu alisema. "Huyo wa kimya. Nilikuwa naye darasani. Nilikuwa naye na nyumbani."

"Nani, Baba?" Fundi aliuliza.

Mzee alinyoosha kidole kimoja kuelekea kwake, polepole, kama mtu anayemchagua mwanafunzi aliyejua jibu siku zote.

Walirudi nyumbani. Kishindo peke yake ndiye aliyeongea njia nzima. Mtu angetarajia Fundi afurahi, kwamba hatimaye kitu alichokuwa nacho kina jina. Kwa siku mbili za kwanza hakuhisi chochote. Siku ya tatu alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja, akakumbuka zile sentensi mara mia, na hasira ikampanda mpaka akaiunguza suruali. Alimpigia baba yake simu.

"Miaka thelathini, Baba," alisema. "Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nakwambia nipo, na ulikuwa unajua sipo, na hukuniuliza hata siku moja nina nini."

Hakungoja jibu. Akakata simu. Wiki mbili hawakusemezana, na shikamoo zenyewe zikakoma.

Siku moja baada ya wiki hizo mbili, saa nne asubuhi, mzee alijitokeza mlangoni kwake. Alivaa koti lake la shule, lile la viraka kwenye viwiko. Alivua kofia, akasimama kama mteja.

"Shikamoo, Baba," Fundi alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Marahaba." Akatazama rundo lililokuwa juu ya meza. "Hizo ni za nini?"

"Sare za kwaya. Nimezishona zote upande wa ndani wa kitambaa ukiwa nje. Kumi na nne. Zinatakiwa keshokutwa."

Alitegemea kusikia mguno ule anaoujua tangu utotoni. Mzee akavuta kigoda, akaketi, akavaa miwani. "Nipe kile kidude cha kufumulia."

Alifumua kutwa nzima. Mikono ya mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na minne haina papara. Alitoa uzi mmoja baada ya mwingine bila kutoboa kitambaa hata mara moja. Fundi alipokea, akashona upya. Saa saba mume wake aliingia, akawatazama, akaweka chakula mezani, akatoka kwa ncha za vidole.

Sare ya tisa, mzee alisema bila kuinua kichwa, "Pale dirishani. Ulikuwa unaona nini?"

Fundi akaacha kukanyaga.

"Mara nyingi mawingu," alisema. "Au wapita njia, nguo zao zilivyokatwa. Na wakati mwingine nilikuwa nakutazama wewe, Baba. Ulikuwa na suruali ya kijivu, mguu mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake. Nilikuwa nafikiria namna ya kuurekebisha."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena. "Ningekuuliza," alisema. "Lilikuwa swali la dakika moja. Nisamehe, mwanangu. Nilijua kufundisha, sikujua kutazama."

Hakukuwa na kukumbatiana. Fundi alinyanyuka, akammiminia chai, akaisogeza karibu na mkono wake, akarudi kwenye cherehani. Lakini alikuwa amesamehe nusu, na mwenyewe alijua kwamba nusu nyingine itakuja kwa wakati wake.

Fundi aliomba naye apimwe, na daktari wa watu wazima akawapa miadi miezi miwili baadaye. Alikuwa mzee kiasi, mwenye kusikiliza huku amefumba macho. Alimwambia Fundi kwamba kusahau hakutoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Watu husahau kwa uchovu, kwa huzuni, kwa wasiwasi, kwa tezi ya shingoni inayofanya kazi kivivu, na hayo yote lazima yaangaliwe kwanza. Akamtuma apimwe damu. Kisha akauliza kama kuna mtu anayeweza kueleza alivyokuwa utotoni, kwa kuwa tatizo hili halianzi ukubwani.

Babu alifungua bahasha kubwa aliyokuja nayo. Ndani yake kulikuwa na ripoti za shule za binti yake, zote, tangu darasa la kwanza. Fundi hakujua kama bado zipo.

"Nizisome?" mzee aliuliza.

"Tafadhali."

Alisoma kwa sauti ya darasani. Darasa la pili: hasikilizi. Darasa la tatu: mtulivu, lakini mawazo yake yako mbali. Darasa la nne: anapoteza vifaa vyake kila wiki. Darasa la tano ilikuwa na mwandiko wa wino wa bluu, uliolala kulia, mwandiko wake yeye mwenyewe. Hapo akasita.

"Anaweza," alisoma, "ila hataki."

Karatasi ikamshinda mkononi. Fundi akainyanyua sakafuni, akaiweka juu ya meza ya daktari, na akaushika mkono wa baba yake mpaka ripoti ya mwisho, ambayo daktari aliisoma mwenyewe.

Majibu ya damu yalitoka safi. Daktari akathibitisha: ni lile lile la binti yake, kwa sura ya kimya. Akasema mara nyingi hutembea ndani ya ukoo, na mume wa Fundi, aliyewasindikiza na aliyekuwa ameshamaliza maneno yake ya siku, akacheka kwa sauti mpaka nesi akachungulia.

Tusiseme kwamba mambo yalinyooka. Dawa ya kwanza ilimwondolea Fundi hamu ya kula na usingizi, ikabadilishwa. Ya pili ilimfaa. Alisema ni kama redio kumi zilizokuwa zikilia pamoja zimezimwa tisa. Ukutani akatundika ubao, na hakuna nguo iliyotoka bila mtu wa pili kuihesabu: mikono, vifungo, zipu. Mtu wa pili alikuwa Babu, kila Jumanne na Ijumaa. Mwezi wa tano walipoteza ubao wenyewe wakati wa kupaka rangi, wakautafuta siku mbili. Wateja wengine walirudi, wengine hawakurudi. Alilia mara kadhaa kwa ajili ya yule msichana wa dirishani, na hakuna dawa iliyoandikwa kwa ajili ya hilo.

Kishindo naye alipewa kazi ya kugawa madaftari darasani, ili anyanyuke kwa sababu. Mazoezi yake ya nyumbani yalikatwa vipande vya dakika kumi, na katikati ya kipande na kipande alizunguka nyumba mara tatu. Babu ndiye aliyehesabu mizunguko. Alipomaliza muhula akiwa wa kumi na sita kati ya wanafunzi arobaini, mzee aliandika mwenyewe chini ya ripoti, kwa wino wa bluu: Amejitahidi. Nimeona.

Jumapili moja alasiri walikuwa wote uani. Kishindo alining'inia kwenye nguzo ya kamba ya nguo, kichwa chini.

"Mama, mimi na wewe tunaumwa?"

Fundi aliweka kando kitambaa. Alikuwa amelingoja swali hili na alitaka kulijibu vizuri. "Njoo ukae. Unajua, mwanangu, kila kichwa kina namna yake. Kuna vichwa vinavyokwenda kwa mstari, kama mshono wa cherehani. Na kuna vya kwetu, ambavyo vinakwenda kama sindano ya mkono, huku na kule, na mtu akitazama kwa karibu anadhani..."

Paka alipita juu ya ukuta. Kishindo akaruka, akamfuata, lango likalia nyuma yake.

Fundi akabaki na sentensi yake mdomoni. Akacheka, akaokota kitambaa.

Babu alisogeza kiti chake karibu, akainamisha sikio upande wake.

"Anadhani nini?" aliuliza. "Endelea. Mimi nasikiliza."